Utando wa Matanga

Siku hizi matanga huanuliwa na utando. Kila mfiwa hubandikwa kwenye kifundo cha mkono utando laini kama ute wa yai. Huzuni ikiwepo, hubaki na ukungu. Moyo ukitulia, chembe zake hujipanga zenyewe, pembe sita kando ya pembe sita, kama masega ya nyuki.

Utando wa Nakiete ulijipanga asubuhi baada ya kumzika mumewe, Elinami.

Msimamizi wa mtaa aliushika mkono wake, akautazama. "Umeshatulia, mama. Inuka mkekani."

"Sijatulia," alisema Nakiete. "Hata kulia sijaanza."

"Utando hausemi hivyo."

Wifi yake, Namsifu, alikuwa bado na ukungu mkononi. Kwa sheria, yeye ndiye aliyekuwa mfiwa sasa. Wanawake wakamsogelea, wakamwekea mto mgongoni.

Nakiete aliyatafuta machozi, hakuyapata. Alihisi ganzi tu, mwili mzima. Akaenda jikoni, akachemsha chai, akampelekea wifi yake kikombe.

Namsifu alikipokea bila kumtazama. Watu wote walikuwa wanangoja Nakiete naye atoe pole.

"Pole, wifi," alisema Nakiete. "Pole kwa kufiwa na kaka yako."