Chimbo la Mjomba Kassiani

Mjomba Kassiani aliegesha pikipiki, akaenda moja kwa moja mekoni, akafunua sufuria isiyo yake na kuinamisha pua.

"Kuku wa kienyeji," akasema. "Krispini, shuka. Tumepata chimbo."

Krispini alishuka shingo upande. Mama mmoja wa makamo aliinuka kutoka kwenye mafiga, akamtazama mzee aliyesimama na mfuniko mkononi. Kisha akapiga goti, akawasalimia wote wawili na kuwaonyesha viti. Mjomba alikuwa ameshakaa. Krispini alihisi uso unamwaka kwa aibu.

Aibu za mjomba alizizoea tangu utotoni. Kila Jumapili mzee huyu huzunguka pembezoni mwa Mpanda, leo Kawajense, kesho Misunkumilo, akisaka machimbo, yaani sehemu za kula ambazo wenye mji wenyewe hawazijui: nyama choma ya nyuma ya gereji, dirisha la jiko linalouza asali ya Inyonga, bibi anayekaanga samaki kichochoroni. "Watu wa hapa wanajua lami tu," hupenda kujisifu. "Mimi najua nyuma ya lami."

Lakini leo hayakuwa matembezi. Leo mjomba alikuwa mshenga. Walikuwa wanapeleka posa Mwamkulu kwa kina Verdiana, na Krispini, ambaye hajawahi kukanyaga huko, alitakiwa aende mwenyewe akaonekane. Verdiana alishamwonya. "Baba yangu mali haangalii sana. Anaangalia adabu. Aliyekuja kabla yako alirudishwa kwa sababu alikaa kabla hajakaribishwa." Akamwelekeza: mkivuka mto tu, mmefika.

Mto wenyewe walikuwa hawajauona. Walichokiona ni vumbi la kiangazi, na bonde moja la mchanga lililotaka kuwaangusha na pikipiki yao. Simu ya Verdiana haikupatikana. Mjomba akasema safari bado, na mshenga haendi ukweni na njaa. "Ukila kwa pupa ukweni, watakusema mpaka kwa wajukuu." Ndipo akaona moshi, masufuria makubwa na viti vilivyopangwa uani.

Afadhali amalizie vituko vyake hapa, Krispini alijifariji. Hapa hakuna anayetujua.

Chakula kililetwa bila wao kuagiza: wali, ugali, kuku na mboga za majani. Mama mwenyewe alimnawisha mjomba, lakini zamu ya Krispini ilipofika alimpa jagi mwanamke mwenzake aliyekuwa akipika naye, akageuza uso pembeni. Krispini akaelewa kwamba mama ameudhika, na kwamba ana haki ya kuudhika.

"Unaona?" mjomba alisema, kinywa kimejaa. "Mjini ungeulizwa maswali kumi. Hapa hawaulizi hata tunataka nini."

"Mgeni haulizwi kitu kabla hajashiba," mama alijibu, macho chini.

"Maneno hayo. Sasa firigisi iko wapi?"

Krispini akaacha kutafuna. Nyumbani firigisi ni ya baba, hilo hata mtoto analijua. Ila mjomba aliamini kwamba kwenye chakula cha kuuza, anayewahi ndiye baba. Mama alitazama mlango wa nyumba, akaingia ndani, akakawia kidogo. Mwanamume alisikika akikohoa huko. Mama akatoka na kibakuli, akakiweka mbele ya mjomba.

"Mjomba, jamani," Krispini alinong'ona.

"Nini? Usiposema hupewi."

Firigisi ilimpendeza, kuku, kwa ugumu wake, hakumpendeza sana. "Mama, huyu jogoo alishawahi kupiga kura?" aliuliza. Mwanamke mwenzake aliziba mdomo kwa kanga. Mama hakucheka.

Pazia la mlangoni likatikisika, na mjomba hakukosa kuliona. "Na huyo anayechungulia, mbona mnamficha? Mtoeni aje atuhudumie, tumwone sura." Pazia likatulia papo hapo. Krispini aliinamia sahani yake na hakuthubutu kuinua macho. Alimwonea huruma binti wa watu, yeyote aliyekuwa nyuma ya kile kitambaa, kwa kutamkiwa hivyo na mzee ambaye hamjui.

"Mama, utusamehe," alisema mwishowe. "Mzee wangu anapenda utani."

"Kula, baba," mama alisema, bado hamtazami. "Ugali utapoa."

Upole huo ulimchoma kuliko kama angetukanwa. Aliapa moyoni kwamba siku moja atarudi peke yake, amwombe radhi mama huyu kama inavyotakiwa. Kwa leo alimwomba Mungu jambo moja tu, mjomba akifika kwa kina Verdiana awe ameshiba vya kutosha, asiguse kitu wala kufungua mdomo zaidi ya maneno aliyotumwa.

Mjomba alijiegemeza, akalegeza mkanda, akachokoa meno kwa njiti ya kiberiti.

"Pamenikaa moyoni hapa. Jumapili nawaleta wenzangu wote."

"Wote?" mama aliuliza taratibu.

"Wote. Wanakula hao, utashangaa." Akainuka, akapapasa mfuko wa suruali. "Haya mama, sisi tunawahi mahali. Tunamlipa nani?"

Wale wanawake wawili wakatazamana. Kisha mama akapiga goti.

"Msiondoke kwanza, baba," alisema. "Baba Verdiana alikuwa anamalizia kuvaa koti. Anakuja kuwasikiliza."