Kapu la Jumapili

Chupa ya mafuta ya kujipaka ilinukia waridi, na haikuwa yake. Mke wa Mheshimiwa aliichomoa kwenye kapu lililofichwa ndani ya buti la gari, akainusa, akahisi kifua kinamwaka. Chini yake palikuwa na sabuni za kuogea, kitana na soksi za kike. Miaka yote ya ndoa, mumewe hajawahi kumnunulia hata kitana.

Akarudisha kila kitu kilivyokuwa, akaingia ndani kumpigia pasi shati.

"Leo tena kuna kikao?"

"Cha kamati, mke wangu. Si unayajua mambo ya bunge."

"Jumapili?"

"Wananchi hawana Jumapili."

Maneno hakuwahi kukosa. Kwa maneno alikuwa wakili wa kuogopwa, na kwa maneno akaingia bungeni. Kesi moja tu ilimshinda, ya katibu muhtasi wake mwenyewe, binti aliyedaiwa kumgonga mzee wa watu kwa gari la ofisi na kukimbia. Binti alikiri kosa, akafungwa miaka saba. Bosi wake akaigeuza kesi hiyo kuwa hotuba: "Hata awe mtu wa ofisini kwangu, sheria ni sheria!" Kwenye kampeni watu walimshangilia mpaka wakampa kiti.

Jumapili dereva na mlinzi walipewa mapumziko. Hilo ndilo lililomchoma zaidi mkewe. Mtu ambaye siku nyingine hafungui hata mlango wa gari, siku ya kwenda kwa hawara anashika usukani mwenyewe!

Alipotoka tu, mke akasimamisha teksi. "Lifuate lile jeusi, lakini asituone."

"Mama, huyu anaendesha kama amebeba mayai," dereva alinung'unika. Mheshimiwa alikuwa akisimama kwenye kila kivuko cha waenda kwa miguu, hata pasipokuwa na mtu.

Mkewe hakuwa akisikia. Alikuwa akipanga matusi, kuanzia madogo hadi yasiyosemeka. Angemng'oa nywele huyo mwanamke, na Mheshimiwa asimame pembeni atazame.

Gari halikwenda hotelini. Lilikata kona, likasimama mbele ya gereza la wanawake. Mumewe akaingia na kapu. Mke alijikunyata ndani ya teksi hadi alipotoka mikono mitupu na kuondoka, ndipo akashuka na kujitambulisha getini kuwa mke wa Mheshimiwa.

"Mheshimiwa ana moyo, mama," askari wa zamu alimwambia akimfungulia. "Katibu wake hajamtupa."

Katibu! Kumbe tangu wakati ule! Wivu ulimpanda hadi macho yakaingia kiza.

Binti aliletwa upande wa pili wa nondo. Alikuwa amekonda, lakini ananukia waridi.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo. Una nini na mume wangu?"

Binti akamtazama askari aliyekuwa akisinzia mlangoni, akasogea karibu. "Anaogopa nitachoka kunyamaza. Ndiyo maana analeta vitu."

"Kunyamazia nini? Mapenzi yenu?"

"Mapenzi?" Binti alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Mama, mimi gari sijui hata kuliwasha. Siku ile nilikuwa ofisini nachapa barua zake. Akarudi anatetemeka, akaniangukia miguuni. Aliniapia nitakaa ndani miezi michache tu."

Mke wa Mheshimiwa alisogeza uso hadi kwenye nondo.

"Hapakuwa na kitu kati yenu?" aliuliza. "Hata siku moja?"

"Hata siku moja, mama."

Machozi yalimtiririka. Akayafuta kwa ncha ya mtandio, akapenyeza mkono kati ya nondo, akaushika wa binti na kuubana kwa upole, kama dada mkubwa.

"Asante, mdogo wangu," alisema, akatabasamu. "Leo nitalala usingizi."