Dawa kwa Wenye Furaha

Sisi tuliopandikizwa ini huvaa bangili inayopima furaha. Furaha ikishuka, bangili hugeuka nyekundu, na dawa za kulilinda ini hupewa mgonjwa mwingine. Ndiyo maana nyumbani kwangu haniletei mtu habari mbaya.

Jana binti yangu Mwanaidi alirudi macho yamemvimba.

"Nani kafa?"

"Hakuna, mama. Hebu cheka kidogo."

"Mwanaidi, usinichezee."

"Mama mdogo Hidaya. Tumemzika juzi."

Mdogo wangu, tumbo moja. Nikachukua kanga.

"Mama, dawa zako!"

"Nimekusikia. Nipishe."

Matangani wanawake waliiona bangili, wakafuta machozi, wakaanza kunichekesha. Niliwaambia wanyamaze. Nikakaa mkekani, nikamlilia mdogo wangu kwa sauti. Bangili ilipogeuka nyekundu, niliifunika kwa kanga, nikaendelea.