Chaneli ya Kiti cha Nyuma

Uvumi ulimganda Mama Tunu: eti amplifaya za gari zenye chaneli nne, mbili za viti vya mbele na mbili za nyuma, huongea na watoto kwa sauti za mama zao. Siku hizo kila kiti cha gari kilikuwa na spika yake, wa kiti jirani hasikii.

"Tuchukue ya chaneli mbili, ya mbele tu," alimsihi mumewe dukani.

"Nawe! Umbea wa saluni huo."

Ikafungwa ya chaneli nne. Fundi akamwomba mama aseme kidogo, apime spika.

Njiani Mama Tunu alinyamaza makusudi. Nyuma, Tunu akaitikia, "Sawa mama, sitamwambia baba."

Mama wenzangu, epukeni: chaneli za nyuma, fundi anayetaka useme kidogo, mtoto aliyetulia mno garini.