Lugha ya Kazi

"Mama, bahasha imenipasukia usoni!"

Sauti ilitoka kwenye kisanduku cha mawasiliano kilichokuwa mezani, ikasikika hadi koridoni. Mama Simu, mpokea simu wa kituo cha afya, alibonyeza kitufe bila haraka.

"Chumba cha Vifurushi, hapa hakuna mama. Hapa ni Mawasiliano. Rudia taarifa yako."

Alijisikia vibaya mara tu alipokiachia kitufe. Lakini afanyeje? Zoezi la dharura la mwaka uliopita lilimtia aibu ambayo mpaka leo haijamtoka. Binti yake, mtaalamu wa maabara katika kituo hichohicho, alijifanya amevuta vijidudu kutoka kwenye barua ya gaidi. Alilia kwa ustadi hadi mama mtu akasahau kwamba ndani ya bahasha mlikuwa na unga wa ngano tu. Akaiacha meza, akakimbia, akafungua mlango, akamkumbatia mwanawe mbele ya kadamnasi huku akimwita Kipusa, jina lake la utotoni. Mkaguzi akasema kwamba kama hatari ingekuwa ya kweli, mama huyo angeua watu wa jengo zima. Watu walicheka wiki nzima.

Binti hakucheka. "Umenidhalilisha mbele ya wenzangu," alimwambia nyumbani, chakula kikipoa mezani. "Kazini mimi si Kipusa wako. Ukirudia tena, nahama kituo."

Tangu siku hiyo walikuwa wakisalimiana kama wapangaji wa nyumba moja. Mama Simu aliumia sana, ila alimeza. Hakuwa na mtoto mwingine.

Basi leo alikuwa ameapa. Walitangaziwa kwamba zoezi ni asubuhi hii, saa haikutajwa, na mkaguzi angekuwa mahali fulani akiwaangalia. Safari hii angemwonyesha binti yake kwamba yeye naye ni mtu wa kazi.

"Chumba cha Vifurushi kifungwe," aliagiza.

Mlinzi aliyekuwa koridoni alizungusha ufunguo. "Lakini Mama Simu, huyo mkaguzi mbona sijamwona akiingia?"

"Umwone wapi? Mwaka juzi si alijifanya fundi bomba, akashinda chooni na spana yake! Funga, baba, tusije tukachekwa tena."

Kisanduku kikakwaruza. "Mama, kifua kinabana. Kiite kikosi. Dawa wanayo wao, na isipoanza mapema haisaidii kitu."

"Kikosi cha dharura kimeshaitwa," Mama Simu alijibu kwa sauti kavu. Simu ya kukiita kikosi ilikuwa pembeni yake na hakuigusa. Ndivyo walivyofundishwa: siku ya zoezi kikosi hakisumbuliwi, hutajwa tu.

"Wamefika wapi?"

"Wako njiani. Kaa chini, usijiguse uso."

Upande wa pili kilisikika kikohozi kirefu, kisha kishindo cha kiti kilichoanguka. Mama Simu alitikisa kichwa. Kumbe mtoto huyu ana kipaji! Mwaka jana alilia tu, leo hata kukohoa amejifunza. Alijivunia mwanawe, na papo hapo roho ikamuuma, kwa sababu kikohozi kile kilikuwa kilekile cha utotoni, cha siku alizokuwa akimlaza kifuani mpaka alfajiri.

"Mama." Sauti ilikuwa imeshuka. "Yale maneno ya mwaka jana yalikuwa hasira tu. Hukunidhalilisha. Nilifurahi ulipofungua ule mlango, nikaona haya kusema. Niite Kipusa, mama. Mara moja tu."

Mama Simu alisogeza kidole kwenye kitufe. Kwa mwaka mzima alikuwa akiyangoja maneno hayo, na sasa yamekuja mahali ambapo hawezi kuyapokea. Huu ndio mtego wenyewe, alijiambia. Wamemfundisha pa kunichoma. Alimwona mkaguzi akilini mwake, kalamu mkononi, akisubiri ateleze. Jioni, wakiwa jikoni peke yao, atamwita Kipusa mpaka mtoto mwenyewe amwambie basi.

"Chumba cha Vifurushi," alisema, "tumia lugha ya kazi."

Hakujibiwa.

Aliita tena, akangoja. Koridoni mlinzi alikuwa ameegemeza sikio kwenye ule mlango uliofungwa.

"Alikuwa anagonga," mlinzi alisema. "Sasa ameacha."

"Basi amemaliza sehemu yake."

Mama Simu alifuta machozi kwa kiganja, akarekebisha kola, akakaa wima. Safari hii hakuna aliyekimbia, hakuna aliyefungua mlango, hakuna atakayemcheka. Binti yake atajivunia mama yake. Alikaza macho kwenye mlango wa mbele, akijiandaa kupongezwa.

Mlango ulisukumwa. Mkaguzi aliingia akihema, shati limelowa jasho.

"Niwieni radhi, Mama Simu, gari limeniharibikia njiani," alisema, akaitoa kwapani bahasha ya unga wa ngano, ingali imefungwa, na kuiweka mezani. "Haya, sasa tunaweza kuanza."