Konokono Aomba Ruzuku

Zama zile mashimo yalipoanza kutozwa kodi, Mfalme Nyati aliona raia wamenuna, akatangaza ruzuku kwa kila mwenye nyumba mbovu. Konokono, ambaye gamba lake lilikuwa na ufa, akashika njia. Alifika ofisini siku ya tisa.

Karani alikuwa Kenge, aliyependa muhuri kuliko mayai. Alimtazama Konokono mgongoni, akacheka.

"Hii siyo nyumba, bwana. Nyumba ina kiwanja, na kiwanja kina hati. Hati yako iko wapi?"

"Sina, mheshimiwa. Lakini humu ndimo ninamolala."

"Hata mtungi una mdomo, lakini hauli. Huna nyumba wewe."

"Basi naomba uniandikie hivyo, mheshimiwa."

Kenge akaandika kwa raha kwamba mleta barua hana nyumba wala shimo, akagonga muhuri mara mbili.

Mwezi uliofuata, Kenge huyohuyo alipita akikusanya kodi ya majengo. Alipomwona Konokono akafungua daftari.

"Nyumba yako nzuri, imejengwa imara, tena haivuji. Lipa."

Konokono akatoa ile barua. Kenge akaisoma, akaigeuza juu chini, na muhuri ukabaki kuwa wake. Akaondoka bila kuaga.

Kesho yake foleni ya ofisini ilifika mtoni. Nungunungu alikuwapo, Ngiri alikuwapo, hata Panya na wakwe zake. Hakuna aliyetaka ruzuku. Wote walikuja kunyimwa, kwa maandishi.