Nusu Saa ya Joto

Kitasa cha ndani kilibaki mkononi mwa Dorcas. Alikivuta mara moja tu, kikachomoka na skrubu zake, na mlango wa chumba cha baridi ukabaki umefungwa vilevile.

Alicheka kidogo. Kisha akatazama namba nyekundu ukutani: nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Alikuwa na blauzi ya mikono mifupi na viatu vya wazi. Simu aliiacha ofisini ikichaji, kwa kuwa alikuja kukaza waya mmoja, kazi ya dakika moja.

Aligonga. Akapiga teke. Akaita mpaka koo likamuuma. Lakini umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na nyuma ya ukuta jenereta la duka lilinguruma kiasi kwamba hata yeye hakusikia vizuri sauti yake. Samaki wa siku walikwisha kutolewa. Hakuna ambaye angefungua mlango ule kabla ya kesho.

Ndipo akakumbuka kazi iliyomleta.

Mwenye maduka alitaka kompyuta zijichunge zenyewe. Mashine ya kulipia ikizima, mtandao ukikatika, samaki wakianza kuyeyuka, ujumbe uende wenyewe kwenye simu ya meneja mkuu, Bwana Nurudin. Dorcas alimaliza duka la Magu wiki iliyopita. Hapa Mwanza alinakili mipangilio yote ya kule, pamoja na maneno ya ujumbe, akarekebisha hapa na pale, na kazi ya siku tatu akaimaliza kwa siku moja. Jana walianza kuijaribu. Leo asubuhi Nurudin alikuja amenuna.

"Dada Dorcas, simu hailali. Mhudumu akifungua mlango atoe sangara, ujumbe. Akirudi kuchukua sato, ujumbe. Mke wangu anauliza ni nani huyo ananitafuta hivyo."

"Nilipanga dakika tano, bosi. Baridi ikipungua kwa dakika tano mfululizo, upate taarifa."

"Weka nusu saa."

"Nusu saa ni nyingi. Samaki wataharibika."

"Samaki kwa nusu saa hafi mara ya pili. Weka."

Akaweka.

Sasa alitazama kile kijiti cha chuma kilichoning'inia darini kwa waya mfupi. Ndicho kilichopima joto na kuiarifu kompyuta. Kikipata joto kwa nusu saa bila kukatika, ujumbe ungeondoka. Kikipoa hata kidogo katikati, hesabu ingeanza upya. Alijua, kwa sababu aliiandika hesabu hiyo mwenyewe.

Alisogeza makreti mawili ya samaki, akayapanga moja juu ya jingine, akapanda. Alijizungushia kifuani kiroba kitupu kilichokuwa sakafuni. Waya haukufika chini zaidi ya bega lake, hivyo akasimama kwa vidole vya miguu, akakibana kile kijiti kwapani, kama mgonjwa zahanati. Chuma kilimuunguza ngozi kama moto. Aliuma midomo.

Saa yake ya mkononi ilionyesha saa tano na dakika ishirini. Leo ilikuwa Ijumaa. Saa sita na robo Nurudin huzima simu na kwenda msikitini.

Dakika ya kumi, vidole vya miguu vilikufa ganzi. Dakika ya kumi na tano alimfikiria mama yake kule Nansio, anayewaringia majirani kwamba binti yake amepata kazi ya kwenye kiyoyozi. Alitaka kucheka, mashavu yakakataa.

Dakika ya ishirini kreti liliteleza.

Aliangukia goti. Kijiti kilimtoka, kikaanza kubembea kwenye upepo wa feni, na kabla hajainuka namba ukutani zilikuwa zimerudi kumi na nane chini ya sifuri.

Dorcas alilia. Machozi yalimganda kwenye kope. Kisha akapanga makreti upya, akapanda, akabana mkono. Saa tano na dakika arobaini na mbili. Kama hatateleza tena, ujumbe ungemkuta Nurudin zikiwa zimebaki dakika tatu.

Safari hii hakuitazama saa. Alihesabu kwa sauti, kwa Kikerewe, kama alivyofundishwa na bibi yake, na alipopotea alirudi nyuma akaanza mahali alipokumbuka. Usingizi mtamu ulikuja, akaukataa. Ukaja tena. Akajifinya, hakusikia kitu. Alichokijua tu ni kwamba mkono ulipaswa kubaki umebana, na ulibaki.

Alipotazama, ilikuwa saa sita na dakika kumi na nne. Ujumbe ulikwisha kuondoka, kama uliondoka. Akakiachia kijiti, akaketi juu ya samaki.

Mlango ukafunguka.

Nurudin alisimama mlangoni na kanzu yake nyeupe, mkononi ameshika deli tupu. Alilidondosha.

"Ya Rabi! Dada Dorcas!"

Alimvuta hadi nje kwenye jua, akavua koti alilovaa juu ya kanzu na kumfunika, akamsugua mikono huku akiita mtu alete chai ya moto. Dorcas alishika kikombe kwa viganja vyote viwili. Meno yaligongana mpaka chai ikamwagika. Hata hivyo alikuwa akitabasamu. Kazi yake ilikuwa imefanya kazi.

"Ujumbe," alisema. "Umekufikia?"

"Umefika, dada, na leo nimeuheshimu, hata msikitini sijaenda," alisema Nurudin, akilitazama deli lake pale mlangoni. "Ndiyo nilikuwa nakuja kuchukua barafu, niwahi kuwaokolea samaki. Chumba cha baridi cha Magu kimepata joto nusu saa nzima."